Jinsi ya kuchora ramani ya mandhari kwa macho ya wananchi

Kila ramani ya mitazamo ya watu huwa na sehemu tupu. Unakusanya maoni kwa wiki kadhaa, unaingiza nukta zote kwenye kompyuta, kisha unakuta upande mmoja umejaa mpaka nukta zinapandana, na upande wa pili hauna hata moja. Hapo ndipo kazi inapotengemaa au kuharibika. Mwenye haraka ataandika kwenye ripoti kwamba upande ule hauna thamani kwa jamii, na mpangaji wa barabara, wa machimbo au wa nguzo za umeme ataisoma sentensi hiyo kama ruhusa. Mwenye kujali atauliza kwanza: kule anaishi nani, na sisi tulimfikia?

Mwongozo huu ni kwa ajili ya huyo wa pili. Unafaa kwa mtu wa mipango miji, mhifadhi, mwanafunzi anayeandaa tasnifu, au kikundi cha wakazi kinachotaka sauti yake isikike kabla tingatinga hazijafika. Vifaa si vya ghali na programu nyingi ni huria. Kinachogharimu ni muda na uvumilivu.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Mandhari ni zaidi ya uso wa nchi ulivyopigwa picha na setilaiti. Mkataba wa Ulaya wa Mandhari, uliotiwa saini Florence mwezi Oktoba 2000 na kuanza kutumika mwaka 2004, unaieleza mandhari kuwa ni eneo jinsi watu wanavyolitambua, ambalo sura yake imetokana na maumbile, kazi za binadamu, au vyote viwili vikiathiriana. Kwa maana hiyo, watu wakiondolewa kwenye hesabu, kinachobaki ni udongo, maji na mimea. Mandhari haipo tena. Mkataba huo unahusu pia maeneo ya kawaida na hata yaliyoharibika, pamoja na yale ya kuvutia. Hilo lishike, kwa sababu kishawishi cha kwanza katika kazi hii ni kukimbilia vilima na maporomoko na kuisahau njia ya vumbi ambayo watu huipita kila siku.

Hatua ya 1: Andika swali moja, na umtaje atakayelitumia jibu

"Tunataka kujua watu wanaionaje mandhari" halitoshi. Uzuri ni jambo moja, thamani ni jingine, hofu ni jingine kabisa. Kinamasi kinaweza kuonekana kibaya na watu walewale wanaokitegemea kwa riziki. Uchochoro unaweza kuwa na kumbukumbu tamu mchana na kutisha usiku. Ukiyachanganya yote kwenye swali moja, utapata rundo la nukta lisilo na maana.

Andika swali lako katika sentensi moja ambayo jirani yako ataielewa bila kufafanuliwa. Mfano: "Ni sehemu zipi za bonde hili ambazo usingependa zibadilishwe, na kwa nini?" Swali la namna hii lina kitenzi, lina mahali, na linamfungulia mtu mlango wa kujieleza.

Kisha jiulize ni nani atakayefanya uamuzi kwa kutumia ramani hii, na lini. Kama uamuzi umeshapitishwa na ramani inatakiwa kuupamba tu, usiwasumbue watu. Aliyewahi kuulizwa maoni yakatupwa hatafungua mlango mara ya pili, na wewe hutakuwa umemharibia mtafiti mwingine tu, utakuwa umemnyang'anya yeye mwenyewe hamu ya kusema.

Hatua ya 2: Weka mpaka, kisha uuvuke

Mpaka wa utawala ni rahisi kuupata, lakini macho hayaujui. Mtu aliyesimama ndani ya eneo lako anaweza kuipenda sehemu hiyo kwa sababu ya mlima ulio nje yake kabisa. Kwa hiyo chora mpaka wa kuuliza maswali, na kuuzunguka uchore mpaka mpana zaidi wa kinachoonekana.

Kuna namna ya kupima hilo. Programu huria ya ramani iitwayo QGIS inaweza kukokotoa, kutoka kwenye modeli ya mwinuko wa ardhi, ni sehemu zipi zinaonekana ukisimama mahali fulani. Data za mwinuko zipo bure. Zile za SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11 mwezi Februari 2000, zina ukubwa wa chembe, yaani kipande kidogo kabisa cha ramani, wa takriban mita 30. Weka urefu wa macho kuwa mita 1.6 hivi. Usiyaamini matokeo moja kwa moja, maana modeli hiyo haiujui ukuta uliojengwa mwaka jana wala miti iliyokatwa. Nenda ukasimame pale uone kwa macho yako.

Hatua ya 3: Tafuta watu kabla ya kutafuta nukta

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uipe muda kuliko zote, kwa sababu makosa ya hapa hayasafishiki baadaye kwa programu yoyote.

Kevin Lynch, mpangaji miji wa Marekani, ndiye aliyeifanya kazi ya aina hii ijulikane. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1960 uliwauliza wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wachore miji yao kutoka kichwani, akapata vitu vitano ambavyo watu huvitumia kuupanga mji akilini: njia, kingo, mitaa yenye sura yake, makutano, na vitu vinavyoonekana kwa mbali na kuwa dira. Mpaka leo wanafunzi wanafundishwa vitano hivyo. Lakini Boston alihoji watu wapatao 30, na kwenye ile miji mingine miwili 15 kila mmoja, na yeye mwenyewe alikiri kwamba wengi wao walikuwa watu wa tabaka la kati wenye kazi za kitaalamu. Napenda ukweli wake huo. Ramani za Boston alizozipata zilikuwa Boston ya watu fulani, naye hakuwaficha wasomaji jambo hilo.

Basi, kabla ya kuandaa dodoso, kaa chini uorodheshe watu wanaohusiana na eneo lako: wanaoishi humo, wanaofanya kazi humo lakini wanalala kwingine, wapitaji wa kila siku, wageni, waliohama au kuhamishwa ila bado wana makaburi ya wazee wao pale, watoto, wazee wasiotembea mbali tena, watu wenye ulemavu ambao mandhari yao huishia pale kiti cha magurudumu kinapokwama. Kwa kila kundi andika mambo matatu: wanapatikana wapi, saa ngapi, na ni kitu gani kitawazuia wasijibu. Dodoso la intaneti litawapata vijana na wenye simu nzuri. Mkutano wa mchana utawapata wastaafu na wasio na kazi za kuajiriwa. Ukienda nyumbani jioni utawakuta waliorudi kazini, lakini anayepika hatakuwa na nafasi ya kukaa na ramani mezani. Hakuna njia moja inayotosha, na anayesema ipo hajahesabu waliokosekana.

Idadi je? Kama unaweza kuchagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili ya wakazi, kanuni ya haraka ni kwamba kosa la makadirio ni karibu 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu. Watu 100 wanakupa kosa la asilimia 10 juu au chini. Watu 400 asilimia 5. Ili kulipunguza kosa kwa nusu unahitaji watu mara nne. Kanuni hii haifanyi kazi kabisa pale watu wanapojitokeza wenyewe. Majibu 3,000 ya watu waliojichagua hayawi sahihi kwa wingi wake. Yanakuwa tu makosa yaliyorudiwa mara nyingi. Katika hali hiyo ni afadhali uweke viwango kwa kila kundi, mfano watu 25 wa kundi hili na 25 wa lile, na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

Kila jioni ya kazi, jaza jedwali la waliojibu kwa kundi. Ukiliona pengo siku ya tatu unaweza kulifuata. Ukiliona wakati wa kuandika ripoti, huwezi.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kukusanya

Zipo njia nyingi. Nitazungumzia nne ninazoziona zina manufaa.

Ya kwanza ni ramani ya nukta. Mhojiwa anapewa ramani, ya karatasi au ya kwenye skrini, na anaweka alama mahali penye thamani fulani kwake. Wafini walifika mbali katika njia hii: kutoka Chuo Kikuu cha Aalto ndiko ilikotoka Maptionnaire, jukwaa la madodoso ya ramani linalotumiwa na miji mingi. Kwa asiye na bajeti, KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu kwa simu, inaweza kupokea nukta, mistari na maumbo, na inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Karatasi nayo haijapitwa na wakati. Watu huizunguka ramani ya karatasi, wanabishana, wanakumbushana, na mengi mazuri husemwa hapo.

Ya pili ni mchoro wa kichwani, kama wa Lynch: karatasi tupu, kalamu, na ombi la kuchora eneo kana kwamba unamwelekeza mgeni. Haifai kupima umbali, ila inaonyesha kilicho kikubwa akilini. Angalia alichokichora kwanza na alichokisahau. Wapo wanaoona aibu kuchora. Usiwalazimishe, waombe wasimulie njia yao ya kila siku.

Ya tatu ni kupima picha kwa alama. Terry Daniel na Ron Boster walichapisha mbinu kama hiyo mwaka 1976 katika utafiti wa misitu Marekani, wakiwaonyesha watu slaidi na kuwaomba wakadirie uzuri. Jambo la busara walilolifanya ni kupiga picha kwa mwelekeo wa bahati nasibu, ili mpiga picha asichague kwa ladha yake. Uingereza kuna mradi wa Scenic-Or-Not, ambamo watu hupewa picha za maeneo mbalimbali ya nchi na kutoa alama 1 hadi 10. Watafiti waliozichambua alama hizo waligundua jambo la kupendeza: picha zilizopendwa hazikuwa lazima zenye kijani kingi, bali zilielekea kuwa na bluu, kijivu na kahawia nyingi, yaani mbingu, maji, miamba na milima. Anayepima mandhari kwa kuhesabu miti tu anapaswa kulitafakari hilo.

Ukitumia picha, piga zote kwa urefu mmoja wa macho, kwa lenzi ileile bila kuvuta karibu, katika hali ya hewa inayofanana. Picha moja ya mawingu kati ya thelathini za jua itapata alama za mawingu. Unaweza pia kuonyesha picha mbili mbili na kuuliza ipi inavutia zaidi. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitumia jozi za namna hiyo kwa picha za mitaa ya New York, Boston, Linz na Salzburg, wakiuliza mambo kama mahali papi panaonekana salama zaidi. Watu hujibu haraka hivyo, ila idadi ya jozi inapanda kwa kasi: picha 40 zinatoa jozi 780, kwa hiyo hakuna mtu mmoja atakayeziona zote. Na kumbuka kwamba picha haina harufu wala kelele. Barabara kuu inayopendeza kwenye picha inaweza kuwa mateso kwa anayeishi pembeni yake.

Ya nne, ninayoipenda kuliko zote, ni matembezi ya pamoja. Chukua watu watano hadi wanane, waache wao wachague njia, na simu irekodi mahali mlipopita. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi, na hiyo inatosha. Kila kituo nyamazeni kwa dakika moja, kisha kila mtu aandike peke yake anachokiona na anachokihisi, ndipo mzungumze. Ukitangulia kuzungumza, wote wataona alichokiona mwenye sauti kubwa.

Utasikia pia kuhusu kuvuna picha za mitandao ya kijamii. Njia hiyo ina ushahidi wake: utafiti wa mwaka 2013 ulilinganisha picha za Flickr, mtandao wa kuwekea picha, na takwimu za wageni katika vivutio 836 duniani, ukakuta vinakwenda sambamba kiasi cha kutosha. Kipimo kinachotumika si idadi ya picha. Mtu mmoja huhesabiwa mara moja kwa siku kwa mahali, ili mwenye kupiga picha mia asihesabiwe watu mia. Lakini tahadhari mbili. Kiwianishi cha picha, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani, ni cha kamera, si cha kilichopigwa. Mlima unaopendwa na wote utakuonyesha nukta zake kando ya barabara, mahali pa kusimamia magari. Na watu hupiga picha ya kisicho cha kawaida. Kivuli ambacho mtu hupumzikia kila siku ya maisha yake hakimo kwenye simu yake.

Hatua ya 5: Andaa dodoso fupi lenye "sipajui"

Chagua aina sita hadi tisa za thamani, si zaidi. Zinazorudi katika tafiti nyingi ni uzuri wa kutazama, burudani na mazoezi, riziki, historia, imani na ibada, uhai wa mimea na wanyama, utulivu, na kujifunza. Ongeza za upande wa pili: mahali panaponitia hofu, mahali palipoharibiwa, mahali ninapopakwepa. Bila hizo ramani yako itakuwa ya sifa tupu. Majina yote yawe ya maneno ya watu. "Huduma za kiutamaduni za mfumo ikolojia" ni lugha ya ripoti, hakuna anayeota kwa lugha hiyo.

Baada ya kila nukta uliza "kwa nini hapa?" na umwachie mtu nafasi ya kujibu kwa maneno yake. Nukta peke yake haisemi kitu. Nukta yenye maneno "hapa ndipo mama alinifundisha kuogelea" inakuambia kitu ambacho hakuna setilaiti itakayokiona.

Amua mapema kama nukta zina kikomo. Ukimpa kila mtu nukta tano kwa kila aina, unalinganisha watu kwa usawa lakini unawalazimisha wengine kubuni. Ukiacha huru, mwenye muda atajaza ramani nzima. Mimi huacha huru, kisha kwenye uchambuzi nahesabu watu badala ya nukta.

Sasa lile jambo ambalo madodoso mengi huliacha. Gawanya ramani katika vipande, kumi hadi ishirini kutegemea ukubwa, na kabla ya swali lolote la thamani mwombe mhojiwa aseme kuhusu kila kipande: napafahamu vizuri, nimewahi kupita, au sipajui. Inachukua dakika mbili au tatu. Utaona kwenye hatua ya 9 kwa nini dakika hizo ni za thamani kuliko nyingine zote.

Hatua ya 6: Lijaribu

Watu kumi wanatosha, wasiwe wenzako wa ofisini. Kaa pembeni, usiwasaidie. Mahali wanapokunja uso ndipo penye swali baya. Rekebisha, jaribu tena.

Hatua ya 7: Uwandani

Kwa karatasi, kipimo cha 1:10,000 kinafaa eneo la kata au bonde dogo: sentimita moja ni mita 100. Fanya hesabu ya kibandiko kabla ya kukinunua. Kibandiko cha duara chenye upana wa milimita 8 kinafunika mita 80 za ardhi, kwa hiyo usije ukadai baadaye kwamba unajua mtu alimaanisha mti gani. Ramani ya msingi iwe na njia, maji, majengo makubwa na majina ambayo watu wenyewe huyatumia; OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini pitia majina na mwenyeji. Usipambe sehemu yoyote kwa rangi ya kuvutia kuliko nyingine, maana vidole vitakwenda huko.

Anza kila mahojiano kwa kumwomba mtu atafute mahali anapopajua sana. Wengi hawajazoea kusoma ramani, na hiyo si kasoro yao. Igeuze ramani ielekee upande mlioelekea nyinyi. Akishapata shule au daraja lake, mengine yatafuata yenyewe. Asipopata kabisa, msimamie: yeye asimulie, wewe uweke nukta, yeye athibitishe.

Ridhaa iombwe kwa maneno mafupi na ya kweli: nani anauliza, kwa nini, majibu yatakwenda wapi, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Usiandike majina. Kila karatasi iwe na namba, na kila kibandiko kiwe na namba ndogo inayolingana na maelezo yake. Bila hivyo jioni utakuwa na mamia ya nukta bubu. Kwa watu wenye heshima kubwa kwenye kikao, wahoji peke yao, siku nyingine. Wakiwepo, wadogo hawatabandika kitu mpaka mkubwa abandike.

Hatua ya 8: Ingiza na safisha

Piga picha kila ramani ya karatasi kabla haijakunjwa. Kwenye QGIS ifunge picha hiyo kwenye viwianishi kwa kutumia angalau pointi nne zilizotawanyika, si zote upande mmoja, kisha uingize nukta. Mtu wa pili aingize tena karatasi kumi za bahati nasibu ili uone mnapishana kwa kiasi gani. Nukta zilizoangukia katikati ya ziwa usizifute kwa haraka; huenda mtu alimaanisha ziwa lenyewe. Soma maelezo kwanza.

Badilisha mfumo wa viwianishi uwe wa mita, kwa mfano kanda inayohusika ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita. Ukikokotoa umbali kwenye digrii, duara lako linakuwa yai, hasa mbali na ikweta, na hutajua.

Hatua ya 9: Chambua, ukianza na waliopafahamu

Kazi ya kawaida ni ramani ya msongamano: programu inachukua kila nukta, inaitandaza kwenye duara la nusukipenyo fulani, na kujumlisha. Nusukipenyo ndicho kinachoamua picha nzima. Kikiwa kidogo, ramani inakuwa na chunusi. Kikiwa kikubwa, kila kitu kinakuwa doa moja. Kisiwe kidogo kuliko kosa la kibandiko chako. Jaribu vitatu, mfano mita 150, 300 na 600, uangalie ni madoa yapi yanabaki katika zote. Hayo ndiyo ya kuyaamini.

Kabla ya kuamini msongamano, gawanya. Chukua mfano wa kufikirika wa watu 200. Kilima kimewekewa alama na watu 60, kinamasi na watu 12. Kwa hesabu ya juu juu kilima kimeshinda mara tano. Sasa fungua lile swali la "sipajui": kilima kinafahamika kwa watu 180, kinamasi kwa watu 20 tu. Theluthi moja ya wanaokijua kilima wanakithamini. Wanaokijua kinamasi wanaokithamini ni asilimia 60. Ramani imegeuka juu chini, na haukuhitaji hesabu zaidi ya kugawanya. Watu hao 20 ni wachache kwa kutoa hukumu ya mwisho, lakini wanatosha kukurudisha uwandani kuwatafuta wenzao.

Jambo la pili ni kutokukubaliana. Wastani huficha ugomvi. Mahali palipopewa alama 5 na kila mtu na mahali ambapo nusu wametoa 9 na nusu 1 hulingana kwa wastani, ilhali pa pili ndipo patakapozuka mgogoro. Tengeneza ramani ya mtawanyiko wa alama kando ya ile ya wastani, na uwatenganishe wahojiwa kwa makundi yako ya hatua ya 3. Mara nyingi utakuta mahali wageni wanapopapenda ndipo wenyeji wanapopakwepa.

Maelezo ya "kwa nini" yasome yote, kwa macho, hata kama ni mengi. Yapange katika mada, na watu wawili wapange kwa kujitegemea kisha walinganishe.

Ukitaka kukadiria thamani mahali ambapo haukuuliza, Shirika la Jiolojia la Marekani linatoa bure programu ya SolVES, inayounganisha nukta za wahojiwa na tabia za ardhi kama mteremko na umbali kutoka majini, na kutoa kipimo cha thamani cha 0 hadi 10. Itumie kutafuta mahali pa kwenda kuuliza. Mimi singekubali makadirio ya kompyuta yasimame badala ya mtu anayeweza kufikiwa kwa mwendo wa saa mbili.

Hatua ya 10: Chora, ficha panapostahili, rudisha kwa wenyewe

Tumia rangi moja inayokolea taratibu badala ya upinde wa mvua. Epuka kutegemea nyekundu dhidi ya kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hazitofautishi vizuri, na wapo kila mahali.

Usichapishe chembe ya ramani yenye watu chini ya watano, wala nukta moja moja karibu na makazi. Mahali pa ibada ya siri, pa makaburi yasiyotangazwa, pa dawa za mitishamba au pa viumbe adimu, uliza wenyewe kama pawekwe kwenye ramani. Wakisema hapana, jibu ni hapana, hata kama ndipo mahali palipokuvutia kuliko pote. Picha za simu zifute viwianishi kabla hazijatoka mikononi mwako.

Kisha ibandike rasimu palepale ulipoulizia, kwa wiki mbili, na kalamu pembeni. Watu wataisahihisha. Watakuambia jina limekosewa, doa limehama, na kwamba kule nyuma ya mto hamkwenda. Tenga tangu mwanzo siku na nauli za kurudi huko. Zisipokuwa kwenye bajeti hazitapatikana.

Na zile sehemu tupu zichore kwa alama mbili tofauti, zote zikiwa na ufunguo wake kwenye ramani. Mistari ya mshazari kwa mahali ambapo watu wanaopafahamu waliulizwa na hawakuweka nukta. Nyeupe kabisa kwa mahali ambapo hatukumpata wa kumuuliza, na ndani yake yaandikwe maneno hayohayo, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka hata ramani ikipunguzwa kuingia kwenye ukurasa wa ripoti.